Mti wa fasihi simulizi ukutani: shajara ya mradi

Siku ya 1, Jumamosi

Haya, naanza. Mradi wenyewe mdogo tu, chati moja kubwa ya ukutani inayoonyesha tanzu (makundi makubwa) na vipera (aina zilizomo ndani yake) vya fasihi simulizi, ya kidato cha tatu wangu. Sababu ni majaribio niliyosahihisha wiki hii mpaka kichwa kikauma. Swali jepesi kabisa, taja vipera vinne vya semi, na mtoto anaandika methali, vitendawili, nyimbo na "sifa za ngano". Sio kwamba hajasoma, kasoma, daftari lake nimelifungua limejaa tele, ila humo ndani kila kitu kimeshuka mstari chini ya mstari kama orodha ya kwenda sokoni, huwezi kujua yupi mzazi yupi mtoto yupi jirani tu kapita.

Kinachonichekesha ni kwamba lugha ilishatuchorea zamani. Utanzu ni tawi la mti jamani! Tunalitamka kila kipindi na mti hatuuoni. Na hii shajara ninayoiandika hapa, Waarabu wakisema shajara wanamaanisha mti, kwetu ikawa nasaba ya ukoo na pia daftari la mambo ya kila siku. Kwa hiyo naandika shajara ya mti, sijui nisemeje.

Vifaa nilivyonavyo: laptopu ya zamani ambayo betri yake ni pambo, Freeplane, programu ya kuchorea, nimeshapakua maana ni ya bure, karatasi za mitihani ya mwaka jana ambazo mgongo wake bado mweupe, maka peni tatu, moja inakaribia kufa.

Siku ya 2, Jumapili

Nimechora. Freeplane ni rahisi, katikati unaandika "fasihi simulizi", unabonyeza inatoka tawi, unabonyeza tena linatoka lingine, rangi zinajipanga zenyewe. Hizi ndo zile ramani za mawazo ambazo Tony Buzan alizipa jina kubwa kupitia kipindi chake cha BBC mwaka 1974, kitu katikati na mawazo yanatawanyika pande zote kama miguu ya pweza.

Nikajiachia. Hadithi, humo ngano, kwenye ngano nikaweka sifa za ngano, dhima ya ngano, wahusika wa ngano, mfano wa ngano (Sungura na Fisi), kila kitu. Semi hivyo hivyo. Saa tano usiku nina kitu cha rangi saba kinachopendeza mno, nikalala nimefurahi.

Siku ya 4, Jumanne

Furaha imeisha kipindi cha tatu.

Nilichora nusu yake ubaoni, tawi la hadithi tu, nikawaambia watoto waangalie. Kukawa kimya. Afu binti mmoja wa dawati la mbele, yule asiyependa kuongea, akauliza, "Mwalimu, huo mstari unasemaje?"

Nikamwambia unaunganisha. Akasema, "Ndiyo, ila unasemaje?"

Nikaona ngoja nimjibu vizuri, nikaanza kusoma mistari kwa sauti, kutoka chini kwenda juu. Ngano ni aina ya hadithi. Sawa. Visasili ni aina ya hadithi. Sawa. Dhima ni aina ya ngano... darasa zima likacheka na mimi nikacheka, nilikuwa nimeshanaswa. Dhima ya ngano ni kazi ya ngano, wahusika ni sehemu ya ngano, Sungura na Fisi ni ngano yenyewe mojawapo. Mstari ni uleule mmoja mweupe wa chaki na nimeubebesha maneno manne tofauti. Mtoto akiutazama anaona kila kitu kilichoko chini ya ngano ni kipera cha ngano, na ndo maana "sifa za ngano" imetua kwenye jaribio kama jibu. Yaani hilo kosa niliwafundisha mimi.

Na hawa watoto miti wanaijua, tena vizuri, kutoka kwenye sarufi. Ukiwapa "mtoto anacheza mpira" wanakuchorea matawi bila kuuliza, S (sentensi) juu, inagawanyika KN (kundi nomino) na KT (kundi tenzi), KN inashuka mpaka N (nomino), KT inashuka mpaka T (kitenzi) na KN nyingine, chini kabisa maneno yenyewe. Pale mstari una maana moja tu tangu juu mpaka chini: hiki kimeundwa na hiki. Hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu mstari haubadilishi kauli njiani.

Kwa hiyo sheria ya mradi kuanzia leo: mstari wowote kwenye chati hii unasema "ni aina ya" na hausemi kingine. Usiposomeka hivyo, unatoka. Kuna njia nyingine najua, Joseph Novak na wenzake kule Cornell miaka ya 1970 walikuwa na ramani za dhana ambazo juu ya kila mstari unaandika neno lake, "husababisha", "ni sehemu ya", na kadhalika, kitu kizuri sana kwa mada kama mazingira au historia. Ila kwenye ukuta, kwa mtoto wa dawati la nyuma, maneno juu ya mistari ni uchafu tu.

Siku ya 5, Jumatano

Nimefuta. Sifa zote nje, dhima nje, wahusika nje, Sungura na Fisi nje (samahani Sungura). Imebaki mifupa, vijisanduku 45 na mistari 44. Haipendezi hata kidogo.

Siku ya 9, Jumapili

Leo nimehamia Graphviz na nimekula siku nzima, lakini siku hii ndo mradi umekuwa mradi kweli.

Ilivyo ni kwamba Graphviz huchori kwa mkono, unaandika faili la maneno tu, kila mstari wa faili ni uhusiano mmoja. Unaandika ushairi, mshale, nyimbo. Nyimbo, mshale, mbolezi. Ukimaliza unaipa programu, yenyewe inapanga. Nilihama kwa sababu kwenye Freeplane nikisogeza tawi moja mengine yananirukia, afu nilitaka kitu ninachoweza kukihariri hata umeme ukirudi kwa dakika kumi.

Mara ya kwanza ikanitolea miti miwili. Mti mmoja mkubwa na pembeni kamti kadogo kamejitenga, kana nyimbo juu na hodiya, nyiso, bembelezi na wenzao chini. Nikakagua nusu saa. Kumbe sehemu moja nimeandika "Nyimbo" kwa herufi kubwa na sehemu nyingine "nyimbo" kwa ndogo, na kwa Graphviz hao ni watu wawili wasiofahamiana. Nimesahihisha, kamti kakarudi kwa mama yake.

Mara ya pili ndo nikakaa chini. Katikati ya chati kuna mistari miwili imekatisha ukurasa mzima kutoka upande wa maigizo mpaka upande wa ushairi, imepita juu ya kila kitu kama waya za umeme za kujiunganishia. Mmoja umetua kwenye majigambo. Mwingine kwenye ngonjera.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Majigambo nimeyaweka chini ya maghani, kwenye ushairi, kwa sababu mtu anajisifu kwa kughani. Afu nimeyaweka tena chini ya maigizo, kwa sababu vitabu vyetu vinayataja huko pia, mtu anasimama mbele ya watu na silaha yake au kibuyu chake na anaigiza ushujaa wake. Ngonjera vilevile, mara mbili. Kwenye Freeplane haikuonekana maana ukiandika jina lilelile mara mbili unapata vijisanduku viwili, kila kimoja kimekaa kwa mzazi wake kwa amani, na mti unaonekana umenyooka. Graphviz haina adabu hiyo, jina moja ni kijisanduku kimoja, na kama ana wazazi wawili itakuchorea wazazi wawili hadharani.

Nikahesabu. Vijisanduku 43, mistari 44. Hesabu ya mti haina longolongo: kila mmoja ana mzazi mmoja isipokuwa shina, kwa hiyo mistari lazima iwe pungufu ya vijisanduku kwa moja. Vijisanduku 43 vinataka mistari 42. Mimi nina miwili ya ziada, na miwili hiyo ndo hao majigambo na ngonjera. Kule kwingine nilikuwa na 45 na 44, hesabu safi kabisa, kumbe ni usafi wa kufagilia chini ya zulia.

Siku ya 10, Jumatatu

Ofisini nimemwonyesha mwalimu wa Baiolojia ile picha ya nyaya. Akacheka, akasema, "Mwalimu, kwetu haya mambo hayapo. Kila kiumbe ana mahali pake pamoja."

Nikamwambia nyangumi je? Maana nyangumi Linnaeus mwenyewe, yule mwanasayansi aliyewapanga viumbe, alimweka na samaki kwenye toleo la kwanza la kitabu chake mwaka 1735, akaja kumhamishia kwa mamalia toleo la 10 mwaka 1758. Akasema ndiyo, alihama, ila hakuwahi kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nyangumi kazaliwa katika ukoo fulani, ukoo upo iwe tumeujua au hatujaujua, kazi yetu ni kuutafuta tu.

Hapo alinipata. Majigambo hayakuzaliwa na maghani wala na maigizo. Sisi ndo tunayapanga, na tunayapanga kutegemea tumesimama wapi. Nikanywa chai yangu.

Siku ya 11, Jumanne

Nimerudi kwenye notsi za chuo. M. M. Mulokozi, mtaalamu wa fasihi, aliandika kuhusu tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989, na yeye alisema waziwazi anagawa kwa vigezo viwili, umbile na tabia ya kazi yenyewe, halafu muktadha na namna inavyowasilishwa kwa hadhira. Nilikuwa nimekariri kwa ajili ya mtihani, leo ndo nimeelewa alichokuwa anakikwepa. Ukisema majigambo ni ushairi unatazama umbile: maneno yamepangwa, yana mapigo, yanaghaniwa. Ukisema ni maigizo unatazama uwasilishaji: kuna mtendaji, uwanja, maleba, watu wanaitikia. Kauli zote mbili ni kweli ila zimejibu maswali mawili tofauti, na mimi nimezibandika kwenye njia panda moja kana kwamba ni swali moja.

Hapo nikaanza kuandika kwenye kila njia panda, kwa penseli, swali lililogawa. Fasihi simulizi inagawanyika kwa swali gani? Hadithi inagawanyika kwa swali gani? Nyimbo zinagawanyika kwa swali gani? La nyimbo lilikuwa jepesi, zinaimbwa wakati gani: kubembeleza mtoto ni bembelezi, jandoni nyiso, msibani mbolezi, kazini hodiya, shambani wawe, baharini kimai. Swali moja, majibu sita. La hadithi lilinitoa jasho maana ngano na vigano tunatenganisha kwa urefu na lengo, visasili kwa mambo inayoyaeleza, tarihi kwa kuwa ni matukio ya kweli, soga kwa kuwa ni za kuchekesha. Hapo maswali ni manne ndani ya njia panda moja. Siwezi kuirekebisha mimi, muhtasari ndo unavyosema na mtihani utauliza hivyo, ila sasa angalau najua ni kwa nini watoto wanachanganya soga na vigano na hawachanganyi nyiso na mbolezi.

Uamuzi wa majigambo: mstari mzima unatoka maghani, na kutoka maigizo unakuja mstari wa vitone. Vitone vinasomeka "huwasilishwa kama", na havihesabiwi kwenye hesabu. Ngonjera hivyo hivyo. Ngonjera kwanza ni beti, Mathias Mnyampala alipozipigia debe miaka ya 1960 alikuwa mshairi anayetunga beti za watu wanaojibizana, zikaja kutumika kila kona kueleza Azimio la Arusha, na watoto wa shule wakasimama mstari mbele ya wageni wakijibizana kwa ishara za mikono. Umbile shairi, uwasilishaji igizo. Vitone.

Vijisanduku 43, mistari 42. Nimelala saa nne, mapema.

Siku ya 17, Jumatatu

Jaribio la sakafuni. Nimekata karatasi 43, nikaandika majina, nikawapa uzi wa kushonea na gundi ya karatasi, nikawaambia meza pembeni, mti uchorwe chini. Feni nilisahau kuizima. Dakika ya kwanza visasili na lakabu vilikuwa chini ya kabati.

Mambo matatu yametokea na yote sikuyapanga.

La kwanza ni kimai. Mimi nilikuwa nimeiweka sambamba na hodiya, dada wa tumbo moja, wote chini ya nyimbo. Kijana mmoja ambaye kwao ni wavuvi akakikamata kile kikaratasi akakataa kukiweka. Anasema babu yake na wenzake wakivuta juya wanaimba ili wavute pamoja, mmoja anatoa, wengine wanaitika na kuvuta. "Sasa hiyo Mwalimu ni ya kazi au ya bahari?" Nikasema wewe unaonaje. Akasema, "Ni ya kazi, kazi yenyewe ndo iko baharini." Akaivuta kimai akaishusha chini ya hodiya, na kabla sijasema neno mwenzake akaishusha na wawe, maana kulima si kazi? Tukasoma kwa sauti. Kimai ni aina ya hodiya, hodiya ni aina ya nyimbo, nyimbo ni aina ya ushairi, ushairi ni aina ya fasihi simulizi. Imepanda mpaka shinani bila kukwama. Kuna watu watabisha, najua, maana zipo nyimbo za baharini ambazo hakuna anayevuta chochote. Mjadala huo nimeuahirisha, darasa lilikuwa limechangamka na sikutaka kulizima.

La pili, semi. Semi wamekaa wanane kwenye mstari mmoja mrefu: methali, vitendawili, nahau, misemo, mafumbo, misimu, lakabu, mizungu. Watoto wanane wa mama mmoja, hakuna mjukuu. Kwenye sakafu ilikuwa ni utepe mrefu mpaka mlangoni. Kikundi kimoja kikaamua kuwagawa, wanaodai jibu huku (vitendawili na mafumbo), wasiodai jibu kule. Wazo zuri sana, tena kitendawili bila jibu si kitendawili. Ila wakaongeza vikaratasi viwili vipya, "semi za kujibiwa" na "semi zisizojibiwa", na mimi nikaona mbali, nikaona mtoto kwenye mtihani wa taifa anaandika "semi za kujibiwa" kama kipera. Tumevitoa. Tulichofanya ni kuacha nafasi tu, vitendawili na mafumbo wamesogezwa wakae karibu karibu, na wengine wakapumua kidogo. Jicho linaelewa bila jina.

La tatu liliniumbua. Mtoto akauliza kwa nini hadithi iko kushoto kabisa, ndo kubwa kuliko zote? Nikamwambia hapana, kushoto na kulia hakuna maana yoyote, ningeweza kuanza na semi. Hakuridhika. Akasema, "Lakini ule mti wa sentensi ukihamisha neno umeharibu." Ni kweli! Kwenye mti wa sentensi maneno yanasomeka kutoka kushoto kwenda kulia, ukimweka mpira mbele ya mtoto umepata sentensi nyingine. Kwenye mti wa aina mpangilio ni wa bure, na hilo sijawahi kumwambia mtu, nilidhani linaonekana lenyewe. Ni miti miwili inayofanana sura na tabia zao haziingiliani.

Kipindi kiliisha vikaratasi viko sakafuni, mwalimu wa Hesabu akaingia akavikanyaga.

Siku ya 18, Jumanne

Ngomezi. Mulokozi anaipa utanzu wake peke yake, wa sita, mazungumzo kwa midundo ya ngoma. Muhtasari wangu una tanzu nne na ngomezi hamna. Watoto wameuliza kama ni ile ile ngoma iliyoko chini ya maigizo, na sio, ile ni ya kucheza, hii ni ya kupeleka habari. Nimeandika sentensi moja ya maelezo chini ya chati, nje ya mti. Kijisanduku sikuweka.

Siku ya 20, Alhamisi

Kazi ya mwisho kabla ya kuchapa. Graphviz kwa kawaida inashusha mti kutoka juu kwenda chini, na kwa maneno yetu marefu, michezo ya watoto, michezo ya kuigiza, inatoka kitu kipana kama barabara. Nikaongeza mstari mmoja kwenye faili, rankdir=LR, mti ukalala ubavu, shina kushoto na vipera kulia. Nashangaa sikufanya hivi siku ya kwanza. Maneno sasa yanapangana juu kwa chini kama kwenye daftari, kila moja lina nafasi ya kunyooka, na ukitazama safu ya kulia unasoma kama orodha. Ile orodha ya sokoni imerudi, safari hii ina ukoo.

Nimejaribu ukubwa wa herufi darasani kwa kubandika neno "vitendawili" ukutani na kwenda kukaa dawati la mwisho. Za sentimita 1 sioni kitu. Za sentimita 2 nasoma. Vijisanduku ambavyo havina watoto viko 34, kwenye karatasi ya A0 iliyosimama una urefu wa milimita 1,189, kwa hiyo kila mmoja anapata kama milimita 35. Herufi zinaingia na hewa inabaki.

Siku ya 22, Jumamosi

Mashine ya A0 mtaani kwetu hamna, ila A3 ipo, na A3 nane zinatengeneza A0 moja. Zinalala mbili kwa upana, nne kwenda chini. Nimekata picha vipande nane kwenye Inkscape, programu ya michoro, nikaweka kwenye flashi, nikaenda steshenari.

Nimerudi nyumbani nimepanga sakafuni, hazikutani. Mstari unatoka nyimbo, unafika ukingoni, unakata, unaanza tena sentimita nzima chini yake. Ukiusoma inaonekana hodiya ni mtoto wa maghani. Mashine ilipunguza kila ukurasa kidogo ili iache ukingo mweupe, na mimi sikumwambia dada wa pale achape kwa ukubwa halisi, na yeye hakuniuliza. Karatasi nane za A3 na hela yangu. Nimezigeuza, watoto watachorea mgongoni.

Siku ya 24, Jumatatu

Mara ya pili. Nimeupunguza mti kidogo ili kila kipande kipandiane na jirani yake kwa sentimita moja, nikasimama pembeni ya mashine mpaka nikaona ameweka ukubwa halisi. Dada akaniambia, "Mwalimu leo umekuja na usimamizi." Nikamwambia dada yangu we acha tu.

Imekutana. Selotepu kwa nyuma, wanafunzi wanne wameshika kona, iko ukutani upande wa dirisha. Jua la saa nane linaipiga kwenye maigizo, nitaona kama itapauka.

Siku ya 29, Jumamosi

Jaribio dogo la jana. Nimeuliza vilevile, taja vipera vinne vya semi, nikaongeza viwili vya ushairi. Wengi wamepata. Nilifunika chati na kanga, msinihoji. Waliokosa wamekosa kwa namna mpya, wameandika hodiya na wawe pamoja kama vipera viwili vya ushairi, yaani wameruka ngazi. Hilo kosa nalipenda kuliko la zamani, mtu aliyeruka ngazi yuko kwenye tawi lake, unamrudisha hatua mbili tu. Ila safu ya ngazi haionekani vizuri pale ukutani, ningepaka kila ngazi rangi yake. Maka peni ya kijani imekufa.

Siku ya 31, Jumatatu

Nimeingia asubuhi nimekuta mtu ameongeza kijisanduku kwa biki, kulia chini, mwandiko wa kukimbia: SINGELI, ule muziki wa mdundo wa kasi.

Hakuna aliyejitokeza. Nikasema haya, kwa kuwa iko ukutani tuisome. Wakasoma wote, singeli ni aina ya nyimbo. Imepita. Nikauliza, nyimbo tumezigawa kwa swali gani? Zinaimbwa wakati gani. Singeli inaimbwa wakati gani? Hapo pakawa sokoni. Harusini, vigodoroni, kwenye bodaboda, mmoja akasema hata msibani ameisikia, wakamzomea. Yule binti wa dawati la mbele akasema singeli tunaitambua kwa mdundo wake, hatuitambui kwa shughuli, kwa hiyo haiwezi kuwa dada wa mbolezi, labda tufungue njia panda nyingine yenye swali lingine. Sikuwa na la kuongeza.

Baada ya kipindi nikasogea karibu nione vizuri. Aliyeandika hakuchora mstari mmoja. Kachora miwili, mmoja unaenda nyimbo, mwingine unapanda mpaka ngoma kule kwenye maigizo, mizima yote miwili, hamna vitone. Nikahesabu kwa kidole, vijisanduku 44, mistari 44.

Nimeiacha hivyo hivyo.